Je, inafaa kuandika jina la kubuni katika kitabu cha simu cha mtaa?

Mkusanyaji wa Kibokoni aliuliza:

Assalamu alaikum, wakubwa kwa wadogo. Ninatayarisha kijitabu cha namba za simu za mafundi na watoa huduma wa Mji wa Kale wa Mombasa na mitaa ya jirani, kuanzia Kibokoni na Kuze hadi Bondeni na Majengo, ili anayemtafuta fundi bomba, mshonaji wa kanzu, mpishi wa biriani ya harusi au mchoraji wa hina na piko asilazimike kupita baraza kwa baraza akiulizia. Kitachapishwa kwenye karatasi, kwa kuwa wengi walionihimiza ni wazee wasiopenda kutafuta mambo katika intaneti.

Mambo mawili yamenikwamisha. La kwanza, baadhi ya akina mama wanaofanyia kazi nyumbani wameridhia namba zao zichapishwe lakini si majina yao, kwa kuwa wamechoshwa na wanaume wanaowapigia usiku kwa mazungumzo yasiyohusiana na kazi. Wawili kati yao wamejichagulia majina ambayo hakuna mtu mtaani anayewajua kwayo. La pili, mchapishaji amenishauri nitie ndani ya orodha watu wawili watatu wasiokuwepo duniani, ili mtu akikinakili kitabu kizima na kukiuza kama chake, nimkamate kwa majina hayo. Je, mambo haya yanafaa?

Mstaafu wa Simu, Tudor:

Wa alaikumu salaam, mwanangu. Usiyachanganye mambo hayo mawili, kwa maana katika la kwanza mtu yupo na namba ni yake, ila jina ndilo lililobadilishwa. Katika la pili mtu mwenyewe hayupo.

Hilo la kwanza si geni katika kazi ya simu. Huko Marekani kampuni za simu zilikuwa zikiwatoza ada ya kila mwezi wateja wasiotaka kuonekana katika kitabu. Wapo waliokwepa ada hiyo kwa kuandikisha jina la kubuni: simu iliendelea kuonekana kitabuni, marafiki walijua jina la kutafuta, na mgeni aliyemtafuta mwenye nyumba kwa jina lake halisi hakumwona. Zaidi ya ada hiyo, kampuni haikupungukiwa na kitu, kwa sababu mkataba na ankara vilibaki kwa jina la kweli. Tofauti hiyo ndiyo ya kushika: jina analojulikana nalo mtoa huduma ya simu ni jambo moja, na jina linalochapishwa kwa ajili ya umma ni jambo jingine. Hapa kwetu laini husajiliwa kwa kitambulisho, na kudanganya katika usajili huo ni kosa. Kijitabu chako hakigusi usajili huo.

Wakili wa Ganjoni:

Ninakubaliana na mzee wetu, nami niongeze upande wa sheria kwa ufupi. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inakutaka uchukue taarifa za mtu kwa ridhaa yake na kwa kiasi kinachohitajika tu kwa lengo lako. Mwanamke akikuambia uchapishe namba na mtaa pekee, huna sababu ya kung'ang'ania jina la kwenye kitambulisho. Jambo la kuangalia ni kwamba anayefanya biashara kwa jina lisilo lake hutakiwa kulisajili kama jina la biashara, na hilo ni jukumu lake, si lako.

Kuhusu mtego wa mchapishaji, iko kesi mashuhuri ya Marekani inayohusu jambo hilohilo. Kampuni ya simu ya vijijini katika jimbo la Kansas, Rural Telephone Service, ilikataa kumruhusu mchapishaji aitwaye Feist Publications kutumia orodha yake. Feist akaichukua hivyo hivyo. Katika kitabu chake zikaonekana namba 1,309 zilizolingana na za Rural, zikiwemo 4 za watu wa kubuni ambao Rural iliwatia makusudi. Mtego ulinasa barabara, lakini mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa ushindi Feist, kwa hoja kwamba majina na namba vikipangwa kwa alfabeti tu havina ubunifu wa kulindwa na hakimiliki, hata kama mkusanyaji alitoka jasho. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, na Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inataja mikusanyo ya data miongoni mwa kazi za maandishi. Hata hivyo, elewa kwamba mtego unathibitisha kunakiliwa tu. Haki ya kuzuia kunakiliwa ni lazima uwe nayo kwa njia nyingine.

Mchora Hina wa Majengo:

Kaka, mimi ni mmoja wa hao unaowazungumzia, ingawa si katika wawili hao. Jina la kuzua moja kwa moja litatuharibia kazi. Mteja akitaka kunilipa kwa M-Pesa, jina langu la usajili linamtokea kabla hajathibitisha malipo. Akiwa amesoma kitabuni jina jingine kabisa, atadhani anatapeliwa, na bibi harusi aliyekwisha kuketi hawezi kungojea tubishane. Isitoshe, kuna programu kama Truecaller zinazoonyesha jina la mpigaji kulingana na watu wengine walivyolihifadhi, kwa hiyo siri yenyewe ni ya nusu nusu.

Waombe watumie lakabu wanayoitwa kweli. Mimi mtaa mzima unanijua kwa jina la mwanangu wa kwanza, na wengi hawajui jina nililopewa na wazazi wangu. Anayenitafuta kwa kazi atanipata, na anayetaka kuchimba habari zangu hatapata la kushika. Karibu na lakabu andika "malipo kwa jina la usajili", mteja asishtuke. Na hao wanaopiga usiku, samahani kwa kusema, hawahitaji jina. Sauti ya mwanamke inawatosha. Andika saa za kupiga simu pia.

Mkusanyaji wa Kibokoni:

Ahsanteni sana. Nitarudi kwa wale akina mama wawili na hoja ya M-Pesa, kwa kuwa sikuwa nimeifikiria. Limezuka jingine: nikitumia lakabu, nusu ya kitabu itaanza kwa "Mama", na iliyobaki kwa "Bi" na "Abu". Nipange vipi? Na mtu wa kubuni nimpe namba gani?

Mstaafu wa Simu, Tudor:

Namba usizue kabisa, mwanangu. Namba unayodhani haina mwenyewe huenda ni ya mtu wa Likoni au Voi, naye atapigiwa mchana kutwa na watu wanaotaka fundi wa friji. Ukishikilia mtego, mtu wa kubuni mpe laini yako ya pili, uipokee mwenyewe na umwelekeze mpigaji kwa fundi halisi. Mimi ningeliridhika na makosa madogo ya tahajia katika jina la mtaa wako mwenyewe, yasiyomdhuru mtu.

Kwa mpangilio, gawanya kwanza kwa kazi, kisha kwa mtaa, halafu ndani ya mtaa fuata jina la pili: Mama Zuhura aingie kwenye Z, Abu Salim kwenye S. Mpangilio wa jina la ukoo haukutufaa watu wa pwani hata siku za kitabu kikubwa, kwa sababu Mohamed na Ali pekee wangejaza kurasa. Kupanga kwa kazi kutakupa pia kile alichokigusa wakili, yaani kazi ya akili yako mwenyewe katika kuteua na kupanga.

Jihadhari na wajanja wa herufi. Marekani wafanyabiashara walijiita kwa A mbili tatu ili watangulie wenzao kitabuni, na hapa utawapata wa namna hiyo. Fundi wa friji akikuomba umwandike "A. A. Baridi", mwingize kwenye B.