Ripo ya timu (ghala la kodi, yaani code za programu): GitHub, GitLab au mashine yetu wenyewe ofisini? Nataka kununua wiki hii

KijanaWaAmani:
Asalaam alaykum jamani. Nna swali la haraka. Tumechoka kutumiana zip kwenye WhatsApp, kila mtu ana "mfumo_mpya_mwisho_KABISA2" yake na hakuna anaejua ipi ya kweli. Naona kuna GitHub, kuna GitLab, tovuti za kuwekea ripo, halafu mtu kanambia mambo ya wateja usiyaweke kwa watu, funga Gitea yako (programu ya kazi hiyo hiyo, unaiendesha mwenyewe) hapo hapo ofisini. Darajani kuna jamaa ana kompyuta ya OptiPlex yuzdi anataka laki tatu na nusu, kanipa mpaka Alhamisi. Ninunue nisinunue? Ipi bora?

Ummu_Swabra:
Waalaykum salaam. Bora kwa nani? Hujasema mko wangapi, mfumo wenyewe wa nini, umeme wa hapo ukoje, na nani atakaekuwa admini. Hapa utapewa majibu ya kubahatisha tu.

FundiMitambo:
GitHub, funga mjadala. Tangu Aprili 2020 ripo za siri bure na unaalika watu unaowataka, zamani ndo tulikuwa tunalipia. Mashine ya nini? Hiyo hela nunua UPS ya kushikilia umeme ukikatika, tena mie ninayo moja naiuza, betri bado nzima.

chizi_wa_linux:
Bure ya Microsoft hiyo. Waliinunua 2018 kwa dola bilioni 7.5, unadhani sadaka? Gitea ni faili moja, unaliweka unaliwasha, hata kikompyuta cha Raspberry Pi kinaibeba. Mie siku hizi natumia Forgejo, walojitenga na Gitea 2022 baada ya jina kuingia mikononi mwa kampuni. Ila GitLab usiiguse kwa mashine hiyo, kama ina RAM ya GB 4 utaisikia inahema mpaka barabarani.

Kachumbari:
Na Gitea si ilijitenga na Gogs 2016? Kila miaka sita chama kipya, hawa wangegombea tu 😂

KijanaWaAmani:
Samahanini. Tuko wanne, mmoja yuko Wete, Pemba. Mfumo wa kubuki vyumba, wateja wetu gesti za Paje na Jambiani. Umeandikwa kwa PHP, Laravel. Admini ntakuwa mie ila sijawahi kuadmini chochote. Umeme unakatika kama kwengine. Kodi yote jumla kama GB 3.

Kachumbari:
Kodi GB 3?? ZRA, watu wa mapato, wanajua?

Ummu_Swabra:
GB 3 za Laravel haiwezekani, hapo mmebeba vendor na node_modules (mafolda ya kodi za watu wengine mnazozitumia) humo humo. Hizo haziingii kwenye ripo, ziandike kwenye .gitignore (orodha ya visivyoingia), kila mtu ataziteremsha kwake kwa composer install na npm install. Picha za vyumba nazo zitoe zikae kwengine, GitHub faili likipita MB 100 inakukatalia. Sasa nijibu kwa kweli: faili la .env, lile la nywila za mfumo, limo? Na dampu (nakala nzima) ya databesi yenye pasipoti za wageni imo?

KijanaWaAmani:
.env imo ndio. Dampu ipo moja ya kabla ya Ramadhani. Si nafuta tu?

Ummu_Swabra:
Astaghfirullah. Ukifuta kabla ya komiti ya mwanzo (kuhifadhi kazi kwenye historia), sawa. Ukishakomiti ndo ukafuta, hujafuta, umeificha tu, anaeklon (anaenakili ripo nzima kwake) anarudi nyuma kwenye historia anaikuta kama ilivyo. Hapo mpaka upitishe git filter-repo ya kusafisha historia, ubadilishe nywila zote, na uwaombe wenzio watupe klon zao waanze upya. Bora uchelewe siku mbili sasa.

Mpemba_halisi:
Mbona mnamtia presha kijana wa watu. VPS (seva ya kukodi mtandaoni) ya dola 5 kwa mwezi, unatengeneza mtumiaji anaitwa git, `git init --bare`, funguo za SSH (za kuingilia seva) za watu wanne unazitia kwenye authorized_keys, kwisha. Ndo git yenyewe hiyo, programu ya kutunza historia ya kodi wanayoitumia wote hao, Torvalds yule wa Linux kaitoa 2005, GitHub imekuja 2008, kwani hiyo miaka mitatu watu walikuwa hawafanyi kazi? Alafu mie niko Wete, nauliza, huyo mwenzenu wa huku atafikaje kwenye mashine iliyoko Amani, Unguja? Laini za intaneti nyingi hazikupi IP ya umma, anwani ya kufikiwa kutoka nje.

chizi_wa_linux:
Anafunga WireGuard, njia ya siri ya kuunganisha mashine za mbali. Nusu saa.

Mpemba_halisi:
Nusu saa yako weye. Na WireGuard nayo inataka upande mmoja uonekane, utarudi kule kule kwenye VPS.

Maalim_Seva:
Hebu niwahadithie kidogo. Kuna ofisi nilifanya kazi, siitaji, walikuwa na Gitea yao kwenye mashine chini ya meza, pembeni ya birika la chai. Aliefunga kijana mmoja hodari sana, kila kitu anajua yeye, paswedi yeye, bekapu yeye, sisi tunapushi tu (tunapeleka kazi kwenye ripo) tunafurahi. Akapata kazi Muscat, tukamuaga vizuri, hakuna aliekumbuka kuuliza funguo. Mwezi wa pili umeme ukaja na nguvu zake, diski ikalia tik tik tik ikanyamaza. Tukasema hapana shida, bekapu ipo. Kweli ilikuwepo, kila usiku ilikuwa inajinakili kwenye folda nyengine ya DISKI ILE ILE. Ya pili ilikuwa kwenye akaunti ya mtandaoni kwa imeli yake binafsi na kodi ya kuingilia inakwenda kwenye simu yake ya zamani. Tukampigia, masikini akajibu na voisi ndefu, anasema paswedi kaiandika kwenye daftari la kijani lipo kwao. Kwenda kwao tukaambiwa daftari mtoto kenda nalo skuli, kalitumia hesabu. Wallahi tulikaa tunasoma hesabu za darasa la tatu tunatafuta paswedi. Kilichotuokoa ni git yenyewe, kwa sababu kila klon inabeba historia yote, dada mmoja alikuwa kapulu (kateremsha mabadiliko) wiki tatu nyuma kwenye laptopu yake, tukaanzia hapo, za wengine tukaokota moja moja. Lakini ishu zote (taarifa za matatizo na kazi), maoni yote, nani alisema nini juu ya bagi gani, hayo hayamo kwenye klon, yalikwenda na diski.

FundiMitambo:
Ndo nasema GitHub!!

Maalim_Seva:
Hujanisoma. GitHub ukiwa na owner mmoja anaekwenda Muscat ni yale yale. Fungua organization (akaunti ya kampuni), owner, yaani wenye mamlaka yote, wawe wawili, na imeli iwe ya kampuni isiwe ya mtu.

Ummu_Swabra:
Maalim kasema. Hata GitLab wenyewe Januari 2017 mtu wao alifuta databesi ya kazi kwa bahati mbaya, kuangalia bekapu zao hakuna iliyosimama sawasawa, wakapoteza kama masaa sita ya ishu na maoni ya watu. Kodi za watu ndo zilipona.

chizi_wa_linux:
Haya, na Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika nchi nzima inalia, GitHub yenu mlikuwa mnaifungua kwa dua?

FundiMitambo:
Na Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja nzima giza miezi mitatu, Gitea yako ungeiwasha kwa kibatari?

Mpemba_halisi:
Giza hilo lenu, sie Pemba lilikuwa halituhusu 😎

Kachumbari:
Nyie mlikuwa na majenereta ya Wesha mnatucheka. Nakumbuka barafu ilikuwa ghali kama dhahabu, ndoo za maji kila mlango.

Mpemba_halisi:
Tuliwaonea huruma. Kidogo.

Ummu_Swabra:
Rudini kwenye mada. Intaneti ikikatika unakomiti kama kawaida kwenye laptopu, unapushi ikirudi. Kwa hiyo hoja ya nyaya na hoja ya giza zote nusu tu. @KijanaWaAmani hujasema bajeti ya mwezi, na kadi ya kulipia VPS unayo?

KijanaWaAmani:
Kadi ipo ya kwenye simu. Bajeti mpaka nimuulize mzee mwenye ofisi.

KijanaWaAmani:
Nimemuuliza. Anasema kwani Google Drive haitoshi?

chizi_wa_linux:
😭😭😭

Ummu_Swabra:
Mwambie ripo usiiweke kwenye folda inayojisinki, wawili wakiandika kwa pamoja ndani ya .git itakuja kuharibika na hamtajua imeanza lini. Na ile dampu ya pasipoti naomba usinambie imo kwenye Drive.

KijanaWaAmani:
...

Kachumbari:
Imo.

KijanaWaAmani:
Naitoa sasa hivi. Mashine nimemwambia jamaa anisubiri mpaka Jumamosi. @FundiMitambo ile UPS bei gani?

FundiMitambo:
Laki na ishirini. Betri nimebadilisha mwaka juzi tu.

Mpemba_halisi:
Si ulisema betri bado nzima?