Nimeuziwa obo ya mpingo ina ufa umezibwa kwa dawa ya viatu, njooni muone

Asalaam alaykum jamani, mie leo sina subira, nnaandika huku mikono inantetemeka kwa hasira.

Nina mdogo wangu wa kike anasoma muziki hapa mjini Unguja, kapigia obo, ile ala ya mbao ya kupuliza, ya kuazima miezi sita na mwalimu kasema mtoto pumzi anayo, mtafutieni yake. Kwetu si ajabu, babu alikuwa mpiga zumari Pemba, na zumari na obo ni ndugu, zote zinapulizwa kwa ridi ya ndimi mbili, yaani kile kijiti chembamba cha mdomoni kinachotoa sauti. Ila zumari utachongewa, obo mpya ya mbao ni mamilioni, nani anazo? Basi nikaingia mtandaoni nikamkuta jamaa yupo Dar anauza used, kaandika mpingo halisi, imetoka Uingereza, haina tatizo lolote, 850,000. Nikamwomba apunguze kagoma, nikamwomba video inapigwa kanambia yeye si mpigaji ni mfanyabiashara tu. Hapo ndo ningeshtuka, sikushtuka, nikatuma pesa yote kwa simu, mzigo ukaja na boti, mjomba kaupokea bandarini Malindi.

Sanduku zuri wallahi, ndani mahameli, vipande vyote vitatu vinang'aa. Mtoto kalala nalo. Kesho yake kwa mwalimu noti za chini hazitoki kabisa, za juu zinalia kama bata kakanyagwa, tukadhani ridi, kabadilisha ridi tatu, wapi! Mwalimu akachukua kipande cha juu akaziba matundu yote kwa vidole akafyonza, upepo unaingia tu. Akafuta kwa kitambaa, kitambaa kikatoka cheusi. Dawa ya viatu! Chini yake ufa, umeanzia kule juu inapochomekwa ridi ukashuka mpaka kwenye matundu ya trili, yale madogo ya kuchezesha noti mbili haraka haraka, na ndani ya ufa gundi kuukuu imeshageuka njano.

Nampigia simu yule muuzaji ananambia eti AC ya boti ndo imepasua. Khaa! Ni kweli mpingo unapasuka, ukipuliza ndani kunapata joto na unyevu na nje kukavu, mbao inavutana, na kipande cha juu ndo cha kwanza kuumia, hayo nayajua. Lakini boti masaa mawili, gundi ikauke na kugeuka njano saa ngapi? Na dawa ya viatu kaipaka nahodha?

Kibonyezo cha noti ya F cha mkono wa kushoto pia hakipo, hilo nshamsamehe, obo nyingi za wanafunzi hazina. Ufa simsamehe. Na mpingo wenyewe jamani si wa Kilwa na Lindi huko, unakatwa kwetu, unakwenda Ulaya kutiwa vibonyezo, halafu unaturudia umepasuka na bado tunalipia.

Nikamwambia nirudishie pesa zangu nikurudishie kitu chako, kanambia mali ikishauzwa hairudi, kisha kanibloki. Kama kuna anaemjua fundi Dar anaeweza kupiga pini ufa wa obo, yaani kuubana kwa vipini vidogo usifunguke, asiwe seremala tafadhali, nambieni, maana mtoto karudia ya kuazima na hata kulia halii, kanyamaza tu.

Nimeingia kwa simu ya mke wangu asubuhi hii kumchungulia huyo muuzaji. Kaposti klarineti, ala nyingine ya kupuliza. Zulia lile lile jekundu la picha za obo, haina tatizo lolote, na picha zote sita kaipiga upande mmoja.