Wingu kama sahani juu ya Mlima Kenya: mbona halisogei?

Wakuu, asubuhi hii mlima unaonekana wazi kutoka Nairobi, na juu ya kilele chake kirefu zaidi, Batian, kuna wingu kama sahani zilizopandana. Upepo wa huko ni mkali, mbona halipeperushwi? Na linapigwaje picha?

Jibu 1
Wingu limesimama, hewa ndiyo inayopita ndani yake. Upepo ukigonga mlima wa mita 5,199, hewa hupanda, hupoa, na mvuke hugeuka matone. Ikishuka upande wa pili hupata joto na matone hukauka. Kwa hiyo ukingo mmoja huzaliwa huku mwingine ukifutika. Sahani nyingi maana yake tabaka zenye unyevu zimepishana na kavu. Upepo unaweza kuwa mkali, lakini hewa lazima itiririke kwa tabaka bila kuchanganyika juu na chini. Jua likishachemsha ardhi, umbo hilo hufumuka likawa pamba za kawaida.

Jibu 2
Picha: saa 12:30 hadi saa 2 asubuhi. Baadaye joto la ardhi hufanya kilele kitetemeke, na lenzi ya bei yoyote haisaidii. Lenzi ya milimita 200–300, tripodi, na kwenye kamera weka ISO 100 (wepesi wa kuhisi mwanga) na f/8 (upana wa tundu la lenzi). Weka fokasi kwa mkono, si kiotomatiki, kwenye miamba, kwani kingo laini za wingu huichanganya kamera. Piga moja kila sekunde 10 kwa dakika 20. Utapata picha 120, na ukizikimbiza utaona wingu likichemka mahali pamoja. Inapendeza mno!

Jibu 3
Marubani wa ndege ndogo, tafadhali: upande upepo unakoelekea, chini ya mawimbi ya hewa yanayounda wingu hilo, kuna mtikisiko mkali hata anga likiwa safi. Upiteni mbali.