Mbuzi wamebambua mchungwa wangu, nifanyeje?

MamaPongwe: Wadau habari za jioni. Niko Pongwe hapa Tanga, nina mchungwa nyuma ya nyumba una miaka 6, mche wa kubebesha (yaani uliounganishwa juu ya shina la mti mwingine) tuliununua Muheza, mwaka jana ndo umeanza kuzaa vizuri. Jana mbuzi wa jirani wamekata kamba, mpaka narudi sokoni washaguguna gome karibu mzunguko mzima, kimebaki kipande upana wa vidole vitatu upande wa jikoni. Majani bado mabichi kabisa kwahiyo mume wangu anasema utapona wenyewe, jirani anasema nipake oili chafu. Jamani nina uchungu, mti huu tuliupanda wiki niliyojifungua kitinda mimba wangu.

mkulima_wa_vuli: Pole sana dada. Oili chafu usipake hata tone, inaua gome lililo hai. Na majani yasikudanganye, maji yanapanda kwenye mti wa ndani ila chakula cha majani kinashuka kwa gome, sasa gome likikatika mizizi inakula akiba tu, ikiisha ndo mti unanyauka ghafla na wewe umeshasahau habari za mbuzi. Hicho kipande cha vidole vitatu ndo uhai wake, kilinde. Chukua kisu kikali ukioshe kwa maji ya moto, punguza zile kingo zilizochanika tu, katikati usiparue. Machungwa machanga yatoe yote msimu huu.

FundiKubebesha: Kwa ukubwa huo kusafisha peke yake hakutoshi, wekeni daraja. Mvua za masika zimeshaanza, gome linaachia vizuri. Kata vijiti vinne au vitano unene wa penseli kutoka matawi ya mti huohuo, virefu kupita jeraha, chonga ncha zote mbili ziwe bapa, chana gome lisiloliwa chini na juu ya jeraha uchomeke humo, kimoja mpaka kingine kama vidole vitatu. Ncha ya juu ibaki juu, ukigeuza kijiti hakifanyi kazi! Kiache kipinde kidogo mti ukiyumba kisichomoke. Funga kwa nailoni, ziba na nta, vikichipua majani yang'oe. Ila niambie kwanza, jeraha liko juu au chini ya pale ulipobebeshwa? Maana shina la chini mara nyingi ni mlimau, kukichipua huko usishangilie ukidhani ni mchungwa.

bibi_wa_Chumbageni: Mwanangu, na uzungushie wavu wa kuku na miti ya kusimika, mbali na shina kiasi mbuzi akisimama kwa miguu ya nyuma asifikie, mimi niliweka mfupi wakala juu yake. Nyasi za kutunza unyevu usizirundike kwenye shina, wangu ulitoka gundi chini ukaoza, na ulikuwa mtamu kweli.

MamaPongwe: Ahsanteni mno, shikamoo bibi. Fundi nimetoka kuangalia na tochi sasa hivi, ni juu ya ungio kiasi cha kiganja, na chini yake gome zima. Kisu nimeshanoa, vijiti nakata alfajiri. Mume wangu kasoma yote haya, kaenda kuulizia bei ya wavu.

FundiKubebesha: Vizuri, basi pana pa kuchomeka. Vijiti usivikate mapema vikakauka, kata ukiwa tayari kuchomeka.