Darizi ya sashiko: mbona kijimto changu cha pini kinajikunja?

Fundi wa Kawangware:
Hamjambo mafundi wenzangu. Nimefumua mara tatu na kitambaa kimeanza kuchoka, naombeni msaada.

Mchana nashona sare za shule. Jioni, nikishafunika mashine, nadarizi vijimto vya pini na vifuko vya sindano kwa sashiko ya Kijapani, uzi mweupe wa pamba juu ya buluu ya nili. Kitambaa nakikata kwenye jinzi kuukuu za soko la Gikomba, zile zilizofuliwa mpaka zikalainika. Naipenda kwa sababu msingi wake ni bandi, hiihii tunayoshikizia pindo kisha tukaifumua. Wakulima wa kaskazini mwa Japani waliiacha papo hapo, ikashikamanisha matambara mawili matatu yakawa vazi moja la kukinga baridi.

Sasa nadarizi asanoha, jani la hempu (mmea wa nyuzi, jamii ya bangi), nyota ya ncha sita. Ndani ya fremu ya kudarizia imenyooka kabisa. Nikiitoa, inajikunja kama uso wa mtoto anayetaka kulia, na katikati panafanya kinundu. Halafu pini zinashika kutu humo ndani. Nimejaza vipande vya sponji.

Mshona Kofia, Pangani:
Dada, weka fremu kando. Sashiko hushikwa mkononi: unakusanya kitambaa kwenye sindano ndefu, bandi nne tano kwa mpigo, ndipo unavuta. Kila ukivuta, pitisha kidole gumba juu ya mstari kuelekea uzi unakoelekea, kitambaa kilale. Kwenye kona acha uzi ulegee kidogo kwa nyuma, kitanzi chembamba tu. Usikionee haya, ndicho kinachozuia mikunjo.

Kinundu kinatokana na nyuzi kukutana. Pale ncha zinapokutana usivushe uzi juu. Acha kitundu kidogo katikati, macho yenyewe yataunganisha nyota. Tena anza na mistari mirefu iliyonyooka, zigizaga zifuate. Bandi ya mbele iwe ndefu kidogo kuliko ya nyuma, tatu kwa mbili.

Mama Sufu:
Sponji itoe leo, mwanangu. Jaza manyoya ya kondoo, na usiyafue kwa sabuni kali hadi mafuta yaishe. Mafuta hayo ndiyo yanayokinga pini na kutu. Yashindilie hasa; kijimto kilegevu humeza sindano.

Fundi wa Kawangware:
Asanteni sana. Jana usiku nimerudia bila fremu, subana ikiwa kidoleni. Nyota ya kwanza bado ina ukaidi upande mmoja, ya pili imelala kabisa. Kile kitundu cha katikati kinaonekana kama kichwa cha pini, nimekitazama mpaka chai ikapoa. Manyoya nitayatafuta Jumamosi.

Ila nimevunja sindano kwenye mshono mnene wa jinzi, na ilikuwa nzuri.

Mshona Kofia, Pangani:
Pole dada. Usiitupe. Tokyo, kwenye hekalu la Sensoji, kila tarehe 8 Februari washonaji hupeleka sindano zilizovunjika na kuzichomeka kwenye tofu laini, ile jibini ya soya, zipumzike baada ya kuchoma vitambaa vigumu maisha yao yote. Wanazishukuru.

Fundi wa Kawangware:
Nimeiweka kwenye kopo la vifungo, nimeifunga kwa kipande cha uzi uleule mweupe.