Vikombe 62, na cha 63 nimekishika mkononi!

MtuWaNgama, saa 3:40 usiku

Jamani. Nimeshuka Malindi ya Unguja sasa hivi, mguu bado unayumba, nguo zinanuka moshi na sifa, yale mafuta ya papa ya kupakia chombo, nyumbani sijafika. Nimekaa juu ya begi langu hapa Funguni naandika. Nikilala bila ya kusema nitapasuka.

Mnamjua. Simtaji, hana haja ya kutajwa, kila aliyewahi kupanda chombo na kundi letu anamjua. Yule wa koti la mvua la njano, analivaa hata jua la saa sita. Yule anayejiita baharia wa kuzaliwa na kamba ya nanga hajui kuifunga. Huyo huyo.

Siku 21 tumekaa chomboni Pemba, watu 7, kama kila kipupwe. Tunalala humo, tunapikia humo, tunaoga bahari. Tunakaa upande wa magharibi kwa kuwa mashariki kusi haichezewi: Makoongwe, Misali, Wesha, tukapanda mpaka Fundo, halafu tukarudi taratibu. Kolekole, changu, pweza wa nazi. Usiku tumejibanza chini ya tanga kama vifaranga. Mie Mwaka Kogwa ya Makunduchi mwaka huu nimeikosa, mama yangu mzazi amenuna mpaka leo, kwa ajili ya kukaa na hawa watu. Hawa ni watu niliovaa nao kaptula za shule!

Basi siku tatu za mwisho. Nyie mnazijua siku za mwisho za chomboni. Mkaa umebaki vumbi, pipa la maji ukiligonga linalia kama ngoma, chumvi imeingia mpaka masikioni, lakini watu wanakuwa wapole. Mtu anakupa mto wake. Waliokorofishana tangu Mkoani wanakatiana halua ya Wete. Hakuna anayetaka kuondoka, ndiyo maana. Mie nilikuwa na furaha, wallahi. Tumetia nanga mbele ya Misali, maji mafu, bahari imelala, kandili inaning'inia kwenye mlingoti. Nimeteleka birika la chai ya tangawizi kwenye seredani, nimewamiminia wote, nimejimiminia na mie, nimekaa.

Jamaa akatoa daftari.

Daftari la shule, la kurasa 48, limefungwa kwa mpira. Siku zote tukidhani anaandika mambo ya safari! Akatia kidole ulimini, akafunua, akakohoa kama karani wa mahakama, akanitazama mie, si mwingine, mie:

"Weye. Chai. Vikombe 62."

Watu kimya. Kilichosikika ni maji yakipiga ubavu wa chombo tu.

Na mie kikombe nimekishika mkononi! Akakitazama. Akachomoa kalamu nyuma ya sikio, akachora kijistari, akasema, "63."

Jamani! Sijakitia hata mdomoni!

Nimelelewa nyumba ya watu. Kwetu mtoto akihesabu tonge za mwenzake anafinywa. Hata mtu mliyegombana, akikukuta unakunywa chai unamwambia karibu. Huyu kanihesabia mbele ya Misali, kisiwa ambacho wazee wanatwambia Nabii Khidhri alipokosa msala alikifanya hicho ndio msala wake, kimeelekea kibla, na hapo ndipo alipopaona pazuri pa kunisomea hesabu ya chai.

Na nani aliyefua ngama, yale maji yanayoingia chini ya chombo, kila alfajiri? Mie! Baridi ya kipupwe inakata masikio, maji yamefika kifundoni, nafua ndoo 40, ndoo 50, yeye amejikunja ndani ya koti lake anakoroma mpaka pomboo wa Mkondo wa Pemba wanabadili njia. Ndoo aliziandika? Nazi nilizokuna aliziandika? Mkoromo wake nao una ukurasa wake?

63. Siku mbili zilizobaki nimekunywa maji baridi. Mie nimekaa omo, mbele kabisa, yeye tezi, nyuma kabisa, kutoka Misali mpaka Malindi sijamgeukia. Tumefika gatini ananyoosha mkono tuagane. Na daftari kwapani! Daftari kwapani, ananipa mkono!

Semeni kitu.

KibuaWaForodhani

Pole sana. Lakini 62 gawa kwa 21 havifiki hata vikombe vitatu kwa siku. Mie nakunywa vitano na bado sijaamka sawasawa. Ningekuwa mie daftari lisingetosha.

BintiWete

Kwanza tujue kikombe cha namna gani. Kuna kikombe na kuna kopo. Kama ni yale makopo ya bati ya chomboni, 62 ni pipa zima hilo.

MtuWaNgama

Vikombe vya kawaida! Na ugomvi wangu si ukubwa wa kikombe, ugomvi wangu ni KUHESABIWA.

YakheTu

Hahaha koti la njano! Namjua. Harusi ya binamu yangu Chake alisimama karibu na sinia za pilau, nikadhani amewekwa na wenye harusi. Kumbe anahesabu wanaorudi mara ya pili.

ShehaMstaafu

Kijana, chai umekunywa, hilo hukatai. Swali langu: sukari ya nani?

MtuWaNgama

SUKARI NILILETA MIE. Kilo 5, nimeinunua Darajani, nimeibeba begani mwenyewe mpaka bandarini. Yeye kaleta redio, na betri tumemnunulia siye.

KibuaWaForodhani

Kilo 5, watu 7, siku 21? Hiyo ni kama gramu 34 kwa mtu kwa siku, na hapo uji haujatiwa. Nyie mlikuwa mnakunywa maji ya moto yenye rangi. Mie ningelikasirikia hilo kwanza.

BintiWete

Na kwa nini hukumwagia daftari hiyo chai? Imo mkononi mwako, ya moto, daftari liko wazi!

MtuWaNgama

Nilitaka! Mkono ulikufa ganzi. Wewe hukuona lile jicho. Kakitazama kikombe kwanza, halafu kanitazama mie, halafu tena kikombe. Halafu kalamu. Nyuma ya sikio, kumbe ilikaa tayari muda wote!

TangaMoja

Mie nilikuwepo. Nilisomewa 71. Sikufungua uzi.

MtuWaNgama

Weye hukuwa umeshika kikombe!

TangaMoja

Nilikuwa nimeshika mkate wa kumimina, na huo nao umeandikwa, vipande 19. Halafu mbona huwaambii wenzio kuwa usiku wa pili tulipokuwa Fundo uliipiga teke sufuria ya pweza ikaenda baharini? Pweza mzima, nazi mbili, na upawa. Tukalala na muhogo. Hilo liko ukurasa wa 6, kwa wino mwekundu.

YakheTu

Ukurasa wa 6 hahahaha. Mtu kazamisha chakula cha watu saba kisha anataka heshima ya chai.

MtuWaNgama

Nilikuwa nakimbilia ngama! Maji yameingia, watu mmelala, nifanye nini, nitie miwani nitafute sufuria gizani? Na aliyeiweka njiani nani? Huyo huyo wa daftari! Mungu shahidi. Msinitoe kwenye jambo langu. Mtu katia kidole ulimini kunisomea chai.

AbiriaWaMkoani

Bei ya kikombe ilikuwa ngapi? Alitaka umlipe?

MtuWaNgama

Hakutaka hata senti! Ndilo linaloniua. Angetaka pesa ningemtupia, tukamalizana. Kasoma tu. Kasoma, kachora 63, kafunga kwa mpira, kajilaza. Baada ya dakika mbili anakoroma. Mie macho makavu mpaka alfajiri, nahesabu mie mwenyewe sasa: cha asubuhi, cha saa nne, cha baada ya magharibi. Kanifanya nijihesabu!

TangaMoja

Kila kitu anaandika yule, si wewe peke yako. Ameandika pomboo, ameandika mara ngapi tumebisha tanga kuukabili upepo kurudi Misali, ameandika kasa watatu waliopanda kutaga. Baada ya chai yako ndio ilikuwa zamu ya kasa, hukusikiliza, ulishakimbilia omo.

MtuWaNgama

Kwa hiyo nimewekwa ukurasa mmoja na kasa.

BiMsewe

Afadhali wewe umehesabiwa na rafiki, rafiki unamwacha. Mie wifi yangu kanihesabia sambusa kwenye hitima ya baba yake. Hitima! Watu wanasoma Yasini, nimeshika tasbihi mkono huu na sambusa mkono huu, ananiinamia sikioni, "Shoga, hiyo ya nne." Nimekaa na sambusa mkononi kama nimeshika bomu. Sijui niirudishe sahanini, sijui niimeze.

BintiWete

Ilikuwa ya nne kweli?

BiMsewe

Ya tatu. Moja nilimchukulia mtoto.

YakheTu

Mtoto gani? Una mtoto?

BiMsewe

Wa jirani. Niondokee.

AbiriaWaMkoani

Nyie mna raha, mna chombo chenu na chai yenu. Mie kaskazi ya mwaka juzi nimepanda boti Mkoani kuja Unguja, jamaa wa siti ya pili yangu kafungua doriani. Ndani! Vioo vimefungwa. Tumefika mkondo wa Nungwi bahari inapanda na kushuka, doriani linanuka, mifuko ya kutapikia imekwisha, watu wanamtaja Mungu. Yeye anatafuna, anapangusa vidole, ananikaribisha! Nimefika nyumbani mke wangu kanipokea kwa mbali, kasema nguo ziache nje.

KibuaWaForodhani

Doriani tunda zuri. Tatizo ni tumbo lako.

AbiriaWaMkoani

Usinianze. Wewe ndiye yule nini?

KibuaWaForodhani

Mie hula fenesi tu.

BiMsewe

Fenesi nalo ndani ya daladala ni ugomvi mwingine. Nimewahi kukalia kokwa lake mpaka Mwanakwerekwe.

ShehaMstaafu

Turudini kwenye uzi. Kijana anasema anafua ndoo 40, 50 kila alfajiri. Chombo kinachoingiza maji kiasi hicho hakifai kulala watu saba, sukari ya nani na chai ya nani ni mambo ya baadaye. Kimetiwa kalafati, ile pamba ya kuziba mianya ya mbao, lini?

TangaMoja

Mwaka jana, kabla ya masika.

ShehaMstaafu

Kwa pamba gani? Siku hizi watu wanachomeka nyuzi za magunia, pamba hawaichovyi mafuta ya nazi, sifa wanapaka juu juu kama wanampaka mtoto mafuta, deheni nyepesi kama uji wa mgonjwa. Halafu ngama ikijaa wanashangaa. Deheni ni shahamu na chokaa, ikandwe mpaka bega liume. Nilivyofundishwa mie, ukidondosha kidonge chake kikabonyea, rudia.

MtuWaNgama

Sheha, ahsante, lakini jamani na vikombe vyangu? Mtu mzima kachora kijistari mbele ya macho yangu! Hakuna hata mmoja aliyesema ni makosa!

BintiWete

Ni makosa. Haya. Sheha, hiyo chokaa ni ya kuchoma matumbawe au ya dukani?

MsumariWaMbao

Na mie nasubiri jibu hilo. Fundi wangu kaniambia deheni mambo ya kizamani, tupake rangi tu chini. Nimepaka. Mwezi wa tatu funza wa mbao wametoboa ubao wa karibu na mkuku, ukichungulia unaona samaki.

ShehaMstaafu

Fundi wa wapi huyo?

MsumariWaMbao

Nungwi.

BintiWete

Ndio maana. Ungekileta Pemba.

MsumariWaMbao

Usianze, dada. Nungwi ndiko vinakojengwa na babu zangu wote mafundi. Ni huyu mmoja tu. Kachukua pesa ya pamba tangu Ramadhani, chombo kiko juu ya magogo, mbao zinapasuka kwa jua, kuku wa watu wanataga ndani. Nikimpigia simu yuko msibani. Msiba wa saba huu! Nimeshampa pole mpaka sina maneno mapya.

YakheTu

Ngoja. Mfupi? Ana baiskeli nyekundu?

MsumariWaMbao

Ndiye! Amekula na zako?

YakheTu

Za mjomba wangu. Huko alikuwa na misiba minne.

TangaMoja

Ala! Baiskeli nyekundu, kengele mbili? Huyo ndiye aliyetutilia kalafati siye.