Ushauri: makazi ya chatu mpira anayehamia kwetu Columbus, baridi inakaribia

MamaZuhura

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa kufuga nyoka. Tupo Columbus, Ohio. Mfanyakazi mwenzangu anahamia jimbo lingine na hawezi kwenda na chatu wake, wakakubaliana na binti yangu wa miaka 16 kwamba amchukue. Ni chatu mpira, wale wadogo wa Afrika Magharibi wanaojiviringa wakiogopa. Dume, ana miaka minne hivi, urefu unakaribia mita moja.

Mimi mzaliwa wa Muheza. Kwetu nyoka ni wa kukimbiwa au kupigwa. Lakini binti amemsoma mnyama huyu mwaka mzima, na nilipomshika mwenyewe nilimkuta mpole, ananizunguka mkono polepole bila fujo. Nimekubali, na sasa nataka akija akute pake pameshaandaliwa.

Tunapewa naye tangi la vioo la galoni 40 (kama sm 90 kwa 45), mfuniko wa wavu, taa nyekundu, jiwe la umeme la kupashia joto, bakuli la maji na pango moja la plastiki. Gamba alilojivua juzi lilitoka vipande vipande, na mabaki bado yamemnata karibu na mkia. Mwenzangu anasema msimu wa baridi ndivyo inavyokuwa.

Je, tangi hilo linatosha? Joto tulifanyeje, maana hita ya nyumba inakausha hewa mpaka midomo inapasuka? Na kisheria tuko salama? Natanguliza shukrani.

Mpwani_Leicester

Dada, hongera kwa kuuliza kabla hajafika. Mimi ninao wawili, kila mmoja na kasha lake.

Naanza na gamba. Likitoka vipande, hewa ni kavu. Baridi ya nje haihusiki moja kwa moja, kinachohusika ni hiyo hita uliyoitaja pamoja na mfuniko wa wavu unaoachia unyevu wote upotee. Chatu mwenye afya na unyevu wa kutosha huvua gamba zima kama soksi, kuanzia puani mpaka ncha ya mkia. Mabaki ya mkiani msiyachukulie kirahisi: yakikauka yanabana damu isipite, na ncha inaweza kufa. Mkimpokea, mwekeni kwenye boksi la plastiki lenye matundu, ndani taulo lililoloweshwa maji ya uvuguvugu, kwa nusu saa hivi mkiwa karibu naye. Kisha apite katikati ya taulo mkononi mwenu, mabaki yatatoka yenyewe. Kama kuna ngozi imenata machoni, msiibandue kwa kucha wala kibanio. Hiyo mpelekeeni daktari wa wanyama anayejua reptilia.

Sasa makazi. Chatu huyu porini, Ghana, Togo, Benin na kwingineko mpaka pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda, mchana hushinda ndani ya mashimo ya panya na vichuguu. Humo ni giza, pamebana, pana unyevu, na joto halibadiliki ovyo. Kila mtakachonunua kipimeni kwa hilo: je, kinamkaribisha kichuguuni au kinamweka dirishani?

Jiwe la umeme litupeni. Usimpe hata mtu mwingine. Yanapata moto mkali sehemu moja, na nyoka huweza kulalia hapo mpaka tumbo linaungua. Taa nyekundu nayo haina kazi, usiku anahitaji giza kamili. Mchana tumieni taa ya halojeni upande mmoja wa kasha, usiku balbu ya seramiki isiyotoa mwanga. Pale chini ya taa, juu ya jiwe au gogo, pasome nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi. Upande wa pili uwe 24 hadi 27. Usiku msiache pashuke chini ya 22. Anachagua mwenyewe aende wapi, ndiyo maana pande mbili lazima zitofautiane.

Na hakuna chombo cha joto kinachoingia kwenye soketi bila thamostati, yaani kifaa kinachopima joto na kuwasha au kuzima chenyewe. Hapo sina mjadala. Balbu ya seramiki isiyo na thamostati inaweza kumpika mnyama mkiwa kazini. Balbu zote zizungushiwe kizimba cha waya, kwa sababu atapanda.

FundiMbao_Toronto

Mama Zuhura, tangi hilo linafaa kwa kuanzia tu. Dume mzima wa mita moja anahitaji walau sm 120 kwa 60, kimo 60, aweze kujinyoosha. Ukiwa na uwezo, nunua kasha la PVC, ile plastiki ngumu, lenye milango ya vioo mbele. Linatunza joto na unyevu kuliko kioo kitupu. Halafu kuna hili la mlango wa mbele: mkono unaotokea juu ndio unaomtisha, kwa sababu ndege mwindaji hutokea juu. Mnyama yuleyule ukimfuata kutoka mbele anatulia.

Mimi nilitengeneza la kwangu kwa plaiwudi. Ndani nilipaka vanishi ya maji mikono mitatu, pembe zote nikaziba kwa silikoni ya akwariamu, nikaacha wazi mpaka harufu ikaisha kabisa ndipo nyoka akaingia. Matundu ya hewa weka pande mbili, chini upande wa baridi na juu upande wa joto. Kufuli ni lazima. Chatu anasukuma kioo kwa pua usiku kucha, akipata upenyo wa vidole viwili ameondoka.

Kisimani

Naomba kutofautiana kidogo. Kasha kubwa humtia nyoka hofu akagoma kula. Wazalishaji wakubwa huku Marekani wanawaweka kwenye droo za plastiki, wanakula na wanazaa vizuri tu. Tangi la galoni 40 linamtosha, msimpe dada gharama zisizo na sababu.

Mpwani_Leicester

Kisimani ndugu yangu, nimeshaona chatu akigoma kula kwenye kasha kubwa, na kila mara nilikuta ni kasha tupu: bakuli, pango moja, basi. Kinachomwogopesha ni uwazi. Lijaze kasha hilohilo magogo, magome ya mti, majani bandia, mabomba ya gome ya kupitia, utamwona usiku anavyotembea na kupanda. Kwenye droo anakula, sikatai, ila kula na kuzaa peke yake si kipimo cha maisha ya mnyama anayeishi miaka 20 hadi 30, wengine zaidi. Mwaka 2020 bustani ya wanyama ya St. Louis walikuwa na jike aliyekadiriwa miaka 62, akataga mayai saba, na dume hakuwa amemwona kwa miaka zaidi ya 15. Kwa umri kama huo sioni kwa nini tumnyime nafasi ya kujinyoosha.

Dada, mapango yawe mawili yanayofanana, moja upande wa joto na moja upande wa baridi. Likiwa moja tu atalazimika kuchagua kati ya kujificha na kupata joto linalomfaa, na kila mara atachagua kujificha. Pango lenyewe limbane: akijikunja, mwili uguse kuta.

Nyika_Arusha

Samahani kuingilia. Kwa sisi tulio Tanzania, mtu anaweza kufuga chatu nyumbani?

FundiMbao_Toronto

@Nyika_Arusha huwezi kumwokota porini ukamfuga. Wanyamapori ni mali ya umma chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, kuwa naye bila kibali ni kosa. Chatu wetu wa huko ni mwingine pia, yule mkubwa wa miamba anayepita mita nne, hafai nyumbani. Anza na ofisi ya wanyamapori ya wilaya.

Kwa Ohio, sheria ya 2012 ya wanyama hatari inabana aina za chatu wakubwa wanapofikia futi 12. Chatu mpira hayumo na hafikii hata nusu. Lakini Mama Zuhura, kama mnapanga, soma mkataba wa nyumba na pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi.

MamaZuhura

Asanteni sana, Mungu awabariki. Mwenye nyumba amekubali, na tumepata kasha la PVC la sm 120 lililotumika, kwa bei nzuri. Unyevu tuushikeje? Watu wa duka walituuzia vumbi la mbao, binti anasema halifai. Chakula je? Na umeme ukikatika katikati ya Januari?

Mpwani_Leicester

Binti yuko sahihi. Vumbi la mbao linakausha, na la mwerezi au msonobari lina mafuta yanayodhuru mapafu yake. Nunueni makumbi ya nazi yaliyokatwa vipande, changanyeni na yaliyosagwa, yafike kina cha sm 10. Maji mimineni pembeni mwa kasha yashuke chini, msinyunyizie juu. Chini pawe na unyevu, juu pakavu. Akilala juu ya matandiko yaliyolowa, magamba ya tumbo huoza. Kipima unyevu cha kidijitali kisome asilimia 60 hadi 80. Vile vya mshale vya kubandika ukutani vinadanganya.

Mkisikia anakoroma, anapumua mdomo wazi au anatoa povu, ni mapafu. Hapo ni daktari siku hiyohiyo.

Halima_Texas

Kuhusu chakula, mimi nalisha panya waliogandishwa, wanauzwa kwa ukubwa. Panya akeshe kwenye friji ayeyuke, kisha atiwe kwenye mfuko ndani ya maji ya moto kiasi mpaka apate joto la mwili. Mpe kwa koleo ndefu. Kwa huyo dume, panya wa kama asilimia 5 ya uzito wake kila wiki mbili au tatu anatosha. Panya hai msimpe, anang'ata, na nimeona chatu aliyetafunwa mgongo.

Wiki ya kwanza msimlishe, na ukiacha lile zoezi la gamba msimshike, azoee harufu ya nyumba. Baada ya mlo muacheni saa 48. Madume hugoma kula miezi kadhaa wakati wa baridi, dada usitishike. Mpimeni kwenye mizani ya jikoni kila mwezi muandike, na akipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi ndipo mkamwone daktari. Na mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumgusa yeye au bakuli lake, nyoka hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha.

Umeme ukikatika, funikeni kasha kwa mablanketi mazito na wekeni ndani chupa za maji ya moto zilizofungwa taulo, mkibadilisha zikipoa. Akiwa kwenye baridi msimlishe, hawezi kusaga chakula.

MamaZuhura

Tumefunga kila kitu jana usiku. Upande wa joto unasoma 33, wa baridi 25, unyevu 68. Kihisio cha thamostati tumekining'iniza katikati ya kasha. Anakuja Jumamosi.

Mpwani_Leicester

Vipimo vizuri, ila kihisio kitoeni hapo katikati. Kifungeni upande wa joto, usawa wa mgongo wake chini ya taa, na waya mbane imara asije akauvuta. Kikianguka kwenye matandiko ya baridi, thamostati itadhani kasha limepoa na taa itawaka bila kuzima. Kisha liacheni liwake siku zote zilizobaki mpaka Jumamosi, msome vipimo asubuhi na usiku wa manane, maana hita ya nyumba mkiipunguza mkienda kulala ndipo mtajua upande wa baridi unashuka mpaka ngapi.